Laki tatu na nusu ya kumpima mtoto akili, na namba sikupewa

Naanza na bei ya kile kipimo cha akili kwa sababu ndilo swali la mwanzo la kila mzazi anayeingia kibandani kwangu siku hizi, kabla hata hajauliza suruali ya mwanawe imefika wapi. Laki tatu na nusu. Ndani yake mna kipimo chenyewe, ripoti iliyochapwa na kikao kimoja cha kuelezwa. Nauli ya boti kutoka bandari ya Mkoani huku Pemba, yako na ya mtoto, juu yako. Pa kulala ni kwa ndugu, na Mpemba gani hana ndugu Unguja.

Mimi ni fundi cherehani hapa Chake Chake, na riziki yangu kubwa ni sare za skuli. Niliyempeleka ni mwanangu wa pili, yuko darasa la nne. Kituo ni cha binafsi, kiko mjini Unguja, na jina lake siliandiki kwa sababu nina ya kuwasema na sitaki kesi. Jina la mpimaji siliandiki vilevile, yeye kwa sababu nyengine: ni dada wa watu, mwanasaikolojia, anavuka kutoka Dar es Salaam na kuazima chumba pale, na hakuniomba nimtangaze. Basi nikisifu jueni namsifu yeye, nikilaumu nawalaumu wale wa mapokezi.

Tumefikaje huko? Mwalimu wa darasa alishachoka. Alinambia mtoto mzito, anakaa tu, ukimwita haitiki mpaka umfuate, wenzake wakiandika imla yeye anaacha mistari mitupu. Akashauri apimwe akili, na namba ikitoka ndogo arudie darasa au ahamishiwe kwa walimu wa elimu mjumuisho, wale wa watoto wenye mahitaji maalumu. Mwalimu simlaumu, darasa lake ukilichungulia dirishani unaona vichwa tu. Ami yake, ambaye hana hata mtoto mmoja skuli, akasema ni uvivu, achapwe. Bibi yake akataka asomewe. Tulimsomea, alhamdulillahi, kisha tukapanda boti.

Kusi lilikuwa limeamka, na mtoto alitapika karibu njia nzima. Mapokezi walikuwa wamenipangia saa nane mchana siku ileile ya boti. Nilipowaonyesha hali ya mtoto wakanijibu kwamba nafasi ikipotea imepotea na pesa hairudi. Yule dada akatoka chumbani kwake, akamtazama mtoto usoni mara moja tu, akasema hapimi mtoto aliyetapika. Njooni kesho asubuhi, na awe amekula. Alinieleza palepale ukumbini kwamba kipimo hiki kinachukua kile mtoto anachokiweza saa ile, na mwenye njaa au usingizi atahukumiwa kwa makosa ya tumbo lake. Asubuhi mtoto akashiba mbaazi na maandazi ya Jang'ombe, tukarudi.

Sasa nikuelezeni mnachokilipia. Dada ana mkoba mweusi. Ndani mna vitabu vya picha vinavyosimama vyenyewe mezani, vipande vya mraba vyenye nyekundu na nyeupe, karatasi za kujaza, penseli na saa ya kuhesabia sekunde. Hamna waya wala kofia ya kuvikwa kichwani, maana bibi yake alikuwa na khofu hiyo tangu tunatoka nyumbani. Kipimo kinaitwa WISC, na alichokitumia ni toleo la tano, lililotoka Marekani mwaka 2014. Aliyekianzisha ni David Wechsler, mwanasaikolojia wa hospitali ya Bellevue kule New York, na toleo la mwanzo la watoto alilitoa mwaka 1949. Ni cha watoto wa miaka 6 hadi 16. Mtoto anakaa na mpimaji wawili tu, meza katikati yao, saa moja na zaidi. Mzazi haingii. Mimi nilipewa kiti mbele ya mlango wenye kioo, nikawa namwona yeye uso na mwanangu kisogo.

Kazi zenyewe ni za aina nyingi. Mtoto anaonyeshwa mchoro, aujenge kwa vile vipande vya nyekundu na nyeupe, saa inakwenda. Anaonyeshwa maumbo yaliyofuatana yenye pengo, achague linaloingia. Anasomewa tarakimu azirudishe kama zilivyo, kisha kinyumenyume, kisha azipange kuanzia ndogo. Ana dakika mbili za kunakili alama ndogondogo kadiri ya wepesi wa mkono wake. Halafu za maneno: vitu viwili hivi vinafanana kwa lipi, neno hili maana yake nini. Maswali yenyewe siyaandiki, na msiniulize mkija kuchukua nguo. Dada alituomba tusiyatangaze na ana haki, maana mtoto aliyefundishwa majibu nyumbani hapimiki tena.

Majibu yanakusanywa katika mafungu matano: maneno, maumbo, kulitatua jambo geni, kushika kitu kichwani huku unakifanyia kazi, na kasi. Kila fungu na namba yake. Kisha kuna namba ya jumla, na watu wakisema IQ ya mtoto wanaikusudia hiyo.

Namba hiyo si asilimia. Hili nimelieleza kibandani mpaka koo limenikauka. Mia si kupata yote. Mia ni wastani wa watoto wa umri uleule, na katika kila watoto watatu wawili wanaangukia baina ya 85 na 115. Wanaopindukia 130 ni kiasi cha 2 katika 100, na walio chini ya 70 ni kiasi hichohicho. Mama mmoja alikuja kwangu analia kwa sababu wa kwake alipata 98 na yeye kazoea kumwona na 100 za hesabu. Nikamwambia futa machozi, mwanao yuko katikati ya wenzake kama watoto wengi wa duniani.

Wenzake akina nani? Hilo ndilo nililomuuliza yule dada, na hakunizunguka. Wastani wa toleo lile ulitengenezwa kwa kuwapima watoto 2,200 wa Marekani. Hayumo wa Wawi, hayumo wa Vitongoji. Nguo za mtumba zinakuja na lebo shingoni, miaka 8, na kila mama wa Chake anajua lebo ile iliandikiwa mtoto wa wapi. Ukimvisha wako wa miaka 8 mikono inameza vidole. Hakuna aliyewahi kumkimbiza mtoto hospitali kwa sababu hiyo. Tunapunguza, tunashona, mtoto anavaa. Lakini namba ya akili ikija na muhuri tunaimeza na lebo yake.

Dada alinambia hana jedwali la watoto wa Zanzibar la kulinganishia, kwa hivyo namba atazisoma kwa tahadhari na tahadhari hiyo ataiandika. Akanitajia Kilifi, pwani ya Kenya, ambako watafiti wamekaa miaka wakiunda na kurekebisha vipimo vya watoto wa palepale, kwa lugha za palepale. Kwa jibu lile nilishaona robo ya pesa yangu imerudi. Mtu anayekwambia ufupi wa chombo chake kabla hujauona ni wa kukaa naye.

Lugha nayo ina kisa chake. Kipimo kimeandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha mwanangu ni rangi, siku za wiki na salamu ya asubuhi. Basi dada akawa anafasiri mwenyewe, na alikiri kwamba ukishafasiri umebadilisha uzito wa swali: la wepesi kule likawa gumu huku, na gumu likawa mchezo. Mpaka tarakimu. Kwa Kiingereza karibu zote zinatamkwa kwa pigo moja la sauti, zetu karibu zote mapigo mawili, na mlolongo wenye sauti ndefu unakaa kichwani kwa tabu zaidi. Kwa ajili hiyo alikuja pia na kijitabu chengine, Raven, kile cha rangi. Mwingereza John Raven alikitunga: maswali 36, kila moja mchoro uliokatwa kipande, na mtoto anatafuta kipande chake miongoni mwa vilivyowekwa chini. Hakuna kusoma wala kuandika. Mwanangu alikipenda mpaka akaomba abaki nacho.

Na msije mkadanganyana kwamba maumbo hayana kwao. Kijitabu hichohicho kilitumiwa Embu, Kenya, kuwapima watoto mwaka 1984, na tena mwaka 1998 wakapimwa watoto wengine wa eneo lilelile. Wa baadaye waliwazidi wenzao waziwazi. Miaka 14 haibadilishi damu ya watu. Waliofanya kazi ile walitaja chakula kilichoboreka, wazazi waliojua kusoma zaidi na nyumba zenye watoto wachache. Na hapo Bagamoyo, ng'ambo ya maji tu, watoto wa skuli walipimwa, wakafundishwa kwa muda usiofika saa namna ya kuyaendea maswali ya aina waliyoulizwa, wakapimwa tena, na alama zikapanda. Matokeo yake yalichapishwa 2002. Haya yote kanitumia mdogo wangu wa kiume, anasoma ualimu SUZA, chuo kikuu cha taifa cha hapa Zanzibar, na tangu nimwambie nakwenda kumpima mtoto amekuwa akinijaza simu kwa makala.

Sehemu bora ya huduma nzima haikuwemo mkobani. Kwenye mapumziko mtoto akapewa juisi, dada akaja kukaa na mimi ukumbini na daftari lake. Alisema huwezi kumwita mtoto mwenye ulemavu wa akili kwa namba peke yake hata ikiwa chini ya 70. Lazima ujue anaishije. Anavaa mwenyewe? Anaoga? Anacheza na nani? Anatumwa dukani? Nikamjibu kwa kujivuna kidogo. Huyu namtuma sokoni zipu na uzi, rangi tatu nne kwa mara moja, vifungo vya shati na vya suruali, hana karatasi mkononi, anarudi na vitu sawa na chenji sawa. Sasa mzito gani huyo?

Akaniuliza: "Ukimtuma, unamwambia au unampa kipande?"

Nampa kipande. Fundi yeyote anampa mtu kipande cha kitambaa, rangi haitajiki kwa mdomo. Buluu ya skuli hii si buluu ya skuli ile, na ukikosea uzi mzazi anakurudishia shati. Zipu nampa kuukuu alinganishe urefu. Kifungo nampa kimoja.

"Na chuoni, anasoma vipi?"

Chuoni hana tabu, maalim ni mjomba wake, amemkalisha ubavuni pake. Juzuu Amma ameimaliza mapema kuliko dada yake.

"Ubavu gani?"

Sikuwa na jibu. Ubavu gani! Nani anatazama hilo? Yeye akafunga daftari, akaingia chumbani akaacha mlango wazi. Mtoto alikuwa anachezea vile vipande vya rangi. Dada akasimama nyuma yake, kidogo kushoto, akamwita jina kwa sauti ya kawaida, sauti ninayotumia mimi kuagiza chai. Mtoto akaendelea kupanga vipande. Akamwita tena. Kimya. Akahamia kulia, akamwita vilevile, na mtoto akageuka, akacheka, akamuonyesha alichojenga.

Sikio lake la kushoto limekuwa likitoa usaha tangu mdogo, likikauka likirudi. Kwetu usaha wa sikio la mtoto ni jambo la kila nyumba: unapangusa, unatia matone uliyopewa kituo cha afya, linakauka, watu wanaendelea na shughuli zao. Anasikia, kwani ukimpigia kelele si anakuja? Dada alisema ndiyo maana alikuwa anamuona anamtazama mdomo, na kila akiinama kwenye karatasi kuandika majibu, huku anasoma swali, mtoto anapotea. Tarakimu alizosomewa mwanzo alizikosa, alipozisoma uso kwa uso akazirudisha vizuri.

Kuanzia hapo alihamisha kiti, akamalizia kazi upande wa kulia wa mtoto. Na kwenye ripoti akaandika kwamba sehemu zote za kusikiliza zilizofanywa kabla ya mapumziko hazifai kuhesabiwa, kwa hivyo namba ya jumla haitolewi. Ndiyo hivyo. Nimevuka bahari, nimelipa laki tatu na nusu, nimerudi bila IQ. Shoga yangu mmoja aliposikia akanambia nimeibiwa nikachekeana na mwizi.

Namba za mafungu zipo, mbili tatu alizoziamini, za maumbo zaidi. Hizo siziandiki. Ni zake mwenyewe, akikua akitaka atazitangaza. Ripoti imezitoa kama inavyotakiwa, kila namba na masafa yake, kuanzia hapa hadi hapa, kwa sababu mtoto huyohuyo akipimwa wiki nyengine hapati ileile. Mkipewa namba moja kavu isiyo na masafa, ulizeni. Na msimrudishe mtoto kupimwa baada ya mwezi kwa kuwa hamkuipenda iliyotoka: ameshayaona maswali, itapanda, na hamtajua imepanda kwa nini.

Mengine ya ripoti ni mambo ya kufanya, na hayo ndiyo yaliyonifaa. La mwanzo, hospitali. Tulimpeleka, ngoma ya sikio la kushoto ina tundu na la kulia nalo si zima sana. Anatibiwa. La pili, akae mbele kabisa, sikio zuri lielekee mwalimu, na mwalimu asiseme huku amegeukia ubao. La tatu, maagizo yaandikwe. Ripoti niliipiga chapa kurasa hizo tu nikampelekea mwalimu wa darasa, naye, Mwenyezi Mungu amlipe, alimhamisha siku ileile. Imla sasa mistari haina mapengo. Tahajia yake bado ya kutisha, msidhani nakuhadithieni muujiza. Amekosa maneno mengi miaka mingi na hayarudi kwa wiki mbili. Lakini kurudia darasa hakuzungumzwi tena.

Mdogo wangu aliposoma ripoti akanambia huyu dada amefanya kazi ya Binet, si ya waliomfuatia. Nilimwacha aeleze. Alfred Binet, Mfaransa, na mwenzake Théodore Simon ndio waliotoa kipimo cha mwanzo cha namna hii, Paris, mwaka 1905, maswali 30. Mwaka uliotangulia serikali yao ilikuwa imeunda tume ya kutafuta namna ya kuwatambua watoto wanaohitaji kufundishwa kwa njia ya pekee. Mtoto atambuliwe, asaidiwe, basi. Mwaka 1909 Binet aliwapinga waziwazi waliosema akili ya mtu ni kiasi maalumu kisichoongezeka. Akafariki 1911. Kipimo kilishavuka bahari kwenda Marekani, na Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford akakitoa upya mwaka 1916, na huko kikashika kazi ya kupanga nani yuko juu ya nani. Ilifika mpaka mahakamani: mwaka 1979, katika kesi ya Larry P., hakimu wa California alizuia skuli za huko kutumia vipimo vya IQ kuwapeleka watoto Weusi kwenye madarasa ya wenye ulemavu wa akili. Nilipolisoma hilo nilimfikiria mwanangu na imla yake.

Na Pemba yetu imo katika elimu hii, ingawa wengi hatujui. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti uliofanywa hapahapa kisiwani kwa watoto wadogo wasiofika umri wa skuli. Wengine walipewa madini ya chuma kila siku kwa mwaka mmoja, wengine dawa ya minyoo kila miezi mitatu, na mama zao ndio walioulizwa mtoto anasema nini na anafanya nini. Waliopata chuma walisonga mbele katika kusema. Yaani baadhi ya tunachokiita akili ya mtoto ni damu iliyopungua. Lakini msikimbilie duka la dawa! Utafiti mwengine wa hapahapa Pemba, uliochapishwa 2006, ulionyesha kwamba kuwapa watoto wadogo wote chuma pamoja na foliki asidi penye malaria nyingi kuliwazidishia maradhi makubwa na vifo, mpaka sehemu hiyo ikasimamishwa. Apimwe damu kwanza, daktari aseme.

Sasa mapokezi. Fomu yao yote Kiingereza, kurasa kwa kurasa, na anayekuelezea haonekani. Risiti niliidai mpaka nikapandisha sauti. Choo kina kufuli na ufunguo uko kwa mlinzi wa chini, mtoto amebanwa na ngazi ni ndefu. Lakini lililonichoma ni cheti. Walinipa karatasi ngumu yenye kingo za dhahabu, jina la mtoto katikati kwa herufi za mapambo, na chini yake nafasi ya namba moja. Nafasi iko tupu kwa sababu dada hakuwapa namba. Kijana wa mezani akaniuliza kama nataka aiombe, maana wazazi wengi wanapenda kukipiga picha wakakiweka stetasi. Saini ya dada haikuwepo pia, na kwa nilivyomfahamu haitakuwepo. Nilimrudishia cheti chake.

Maana soko limeshaanza, tusijifanye hatuoni. Skuli moja binafsi iliyoagiza sare kwangu msimu huu ina fomu ya kujiunga inayouliza IQ ya mtoto wa miaka sita, na mzazi aliyenionyesha alikuwa anatafuta pa kuipata kwa haraka kabla ya Jumatatu. Watoto wetu wana mtihani wa darasa la nne, wana wa kumaliza msingi unaochagua nani aende michipuo, madarasa ya waliofanya vizuri zaidi, wana wa kidato cha pili. Wanapangwa vya kutosha. Na zile IQ za kwenye simu, maswali ishirini, kisha ulipe ndiyo uone jibu, hizo nazitaja kwa sababu tu mmeniuliza: hapana anayekutazama mtoto, kwa hivyo hapana kitu.

Nyota, kwa wanaozipenda. Yule dada tano. Mkoba wake tatu. Ni chombo kizuri kilichopimiwa watoto wengine. Mapokezi moja, na hiyo ni ya mlinzi wa chini, aliyetuachia ufunguo siku ya pili bila kuulizwa.

Kama mnakwenda, kwanza mpelekeni mtoto hospitali ya karibu apimwe masikio na macho, hapo hamtolipa laki tatu. Kabla ya kutoa pesa ulizeni ni nani atakayekaa na mtoto, kwa lugha gani, na kama atazungumza na nyinyi wazee wake kuhusu maisha ya nyumbani. Wakisema mahojiano ya mzazi hayamo, ondokeni. Dada anatarajiwa kuvuka tena skuli zikifungwa; takeni siku yake hasa, si siku ya kituo, kwani nasikia siku nyengine anakaa mtu mwengine na sijamuona kazi yake. Wakikupangieni saa nane mchana na nyinyi mnashuka na boti ya siku hiyo, kataeni.